Chumba Kimoja, Madarasa Manane

Shule ya Waamish ni nyumba ya chumba kimoja iliyojengwa pembezoni mwa shamba la mmoja wa wazazi. Katika Kaunti ya Lancaster, kusini-mashariki mwa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, nyumba za namna hiyo zimetapakaa mashambani kiasi kwamba mtoto hahitaji basi kufika darasani. Huenda kwa miguu, au juu ya kibaiskeli kisicho na pedeli ambacho husukumwa kwa mguu mmoja. Madirisha ni mapana kwa kuwa ndani hamna umeme. Lipo jiko la makaa la kupasha chumba joto wakati wa baridi, kengele juu ya paa, vigingi ukutani vya kutundikia kofia, vyoo uani na kiwanja cha kuchezea. Wanafunzi ni 30 hivi, kuanzia darasa la kwanza hadi la nane, na wote hukaa pamoja mbele ya mwalimu mmoja. Mtoto akimaliza darasa la nane, kwa kawaida akiwa na umri wa miaka 14, amemaliza shule kabisa.

Anayeliona jengo hilo kwa mara ya kwanza huweza kudhani kwamba wenyewe wameshindwa kujenga kubwa zaidi. Ardhi ya Lancaster ni miongoni mwa ardhi zenye rutuba kubwa kabisa Marekani, na wakulima wake wangeweza kuinua ghorofa kama wangetaka. Chumba kimoja ndicho walichokitaka. Kwa ajili yake walitozwa faini, wakalazwa jela, na hatimaye kesi yao ikafika Mahakama ya Juu ya nchi.

Waamish ni tawi la Waanabaptisti, Wakristo ambao tangu mwaka 1525 huko Zürich, Uswisi, walikataa ubatizo wa watoto wachanga wakishikilia kwamba imani ni ya mtu mzima anayejiamulia mwenyewe. Watawala na makanisa makubwa ya wakati ule waliwatesa na kuwaua wengi wao. Mwaka 1693 mzee mmoja wa kanisa, Jakob Ammann, aliyetaka nidhamu kali zaidi, alijitenga na wenzake, na wafuasi wake ndio waliobaki na jina lake. Wale aliowaacha ni ndugu wa Wamennonite, na hao hawako mbali na msomaji wa Afrika Mashariki: mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite waliotumwa kutoka Lancaster hiyohiyo walifungua kituo Shirati, jirani na Ziwa Victoria, na kazi hiyo ndiyo chimbuko la Kanisa la Mennonite Tanzania. Waamish wenyewe hawana desturi hiyo ya kutuma wahubiri ng'ambo. Walivuka Atlantiki kuanzia karne ya 18, wakakaa Pennsylvania, kisha wakaenea Ohio, Indiana na majimbo mengine mengi, na Ontario nchini Kanada. Ulaya walikotoka hawapo tena. Idadi yao sasa ni takriban watu 400,000 na huongezeka maradufu kila baada ya miaka 20 hivi, kwa sababu wanazaa watoto wengi na wengi wa watoto hao hubaki.

Kanisa lao limegawanywa katika mitaa midogo yenye familia 20 hadi 40, na walio wengi hawana jengo la ibada. Husali kwa zamu majumbani au ghalani, Jumapili moja baada ya nyingine kupita. Kila mtaa una kanuni zake kuhusu mavazi, vyombo vya usafiri na mashine zinazoruhusiwa. Hawamiliki magari, hawaunganishi nyumba zao na nyaya za umeme za mtandao wa taifa, na hawana runinga. Katika maisha ya namna hiyo shule huwa jengo la nadra, yaani lile ambalo ni la wote na si la familia yoyote. Hapo ndipo watoto wa majirani hukutana kila siku, na ndipo wazazi hukaa pamoja jioni moja ya Desemba kusikiliza mashairi na nyimbo za Krismasi zilizoandaliwa kwa wiki kadhaa.

Masomo huanza saa mbili na nusu asubuhi au karibu na hapo. Mwalimu husoma kifungu cha Biblia bila kukifafanua, watoto husimama na kusali Sala ya Bwana, huimba nyimbo mbili tatu kwa Kijerumani na Kiingereza, kisha hesabu huanza. Tangu hapo chumba huenda kwa utaratibu ambao mwalimu aliyezoea darasa moja angeuona kuwa hauwezekani. Darasa la tatu huitwa mbele ya ubao kwa dakika kumi, wakasahihishwa na kupewa kazi mpya. Wakirudi kwenye madawati yao, la nne huitwa. Madarasa mengine yote wakati huo yanaandika kimya. Anayekwama hunyoosha mkono, na mara nyingi anayemfikia kwanza ni mwanafunzi wa darasa la saba au la nane. Mdogo naye, hata akiwa na kazi yake, husikia kinachofundishwa wakubwa, hivyo akifika darasa la tano mengi ya darasa hilo amekwisha kuyasikia mara nne.

Yanayofundishwa ni hesabu, kusoma, tahajia, sarufi ya Kiingereza, mwandiko, na kiasi fulani cha jiografia, historia na afya. Sayansi ni kidogo na mageuko ya viumbe hayatajwi. Kompyuta haimo. Vitabu huchaguliwa kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1957 Waamish wa Pennsylvania waliunda chama chao cha vitabu, na mchapaji wa kijiji cha Gordonville akawa anachapa upya vitabu vya kiada ambavyo shule za serikali zilikuwa zimevitupa. Kutoka Aylmer, Ontario, shirika la Pathway lililoanzishwa na Waamish mwaka 1964 hutoa vitabu vya kusomea vyenye hadithi za mashambani, za watoto wanaosema kweli na wanaowasaidia wazee. Vitabu hivyo havina mashujaa wanaoshinda peke yao. Hilo limekusudiwa: mtoto wa Kiamish hafundishwi kujitangaza, na mwalimu anayemsifu mwanafunzi mmoja mbele ya wenzake huweza kukumbushwa na wazazi kwamba amepita mpaka.

Jambo linaloshangaza zaidi katika shule hii ya Kikristo ni kwamba haina somo la dini. Hakuna mtihani wa Biblia wala mafundisho ya imani. Waamish wanaona kwamba kufundisha imani ni kazi ya wazazi na kanisa, na wanahofia mtoto atakayejua kunukuu maandiko kwa ufasaha akaanza kujiona amefika. Dini imo katika namna shule inavyoendeshwa: katika kungoja zamu, kushirikiana, kukubali kukosolewa, kucheza bila kupiga kelele za ushindi. Wakati wa mapumziko ya mchana mwalimu mwenyewe hushika gongo na kucheza besiboli na watoto, wasichana na wavulana pamoja, wakubwa wakipunguza nguvu ya mpira kwa ajili ya wadogo. Shule nyingi za misheni, huku kwetu na kwingineko, zimeweka dini kwenye ratiba na kuisahau uwanjani. Hawa wamefanya kinyume chake.

Lugha ni mzigo ambao msomaji wa Kiswahili atauelewa bila kuelezwa sana. Nyumbani mtoto husema Kijerumani cha Pennsylvania, lahaja iliyoletwa na mababu kutoka bonde la mto Rhine. Biblia na nyimbo za ibada ziko katika Kijerumani sanifu cha zamani. Shule hufundisha kwa Kiingereza, na watoto wengi hukutana na lugha hiyo kwa dhati siku ya kwanza ya darasa la kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 John Hostetler, profesa wa Chuo Kikuu cha Temple aliyezaliwa na kulelewa katika familia ya Kiamish, aliwapima watoto hao pamoja na mwenzake na kuwalinganisha na wanafunzi wa shule za serikali za vijijini. Waamish waliongoza katika tahajia, hesabu na matumizi ya maneno, wakabaki nyuma katika msamiati. Matokeo hayo yanaeleweka: anayesoma kwa lugha ya pili, tena bila runinga wala riwaya nyingi, hujifunza vizuri maneno anayofundishwa lakini huyakosa yale yanayookotwa njiani.

Mwalimu kwa kawaida ni msichana ambaye hajaolewa, mwenye umri kati ya miaka 18 na 25, na elimu yake yeye pia imeishia darasa la nane. Hana cheti cha ualimu. Alianza kama msaidizi katika shule nyingine, akatazama, akajaribu, akapewa chumba chake. Walimu wa eneo moja hukutana mara kwa mara kubadilishana maarifa, na tangu mwaka 1957 wana jarida lao liitwalo Blackboard Bulletin, ambamo mwalimu wa Indiana humuuliza wa Ontario afanyeje na mtoto asiyetulia. Akiolewa huacha kazi, na mwingine huchukua nafasi. Wapo waliofundisha miaka 20 na kuwa nguzo ya jamii nzima, lakini ni wachache. Hapa pana udhaifu ambao ni vigumu kuuficha: shule hubadilisha mwalimu mara kwa mara, na msichana wa miaka 19 aliyepewa madarasa manane peke yake huweza kuzidiwa. Kinachomwokoa ni kwamba hayuko peke yake hasa. Anawajua wazazi wote, pengine ni shangazi au binamu wa theluthi ya darasa, na mtoto mkorofi hujua kwamba habari zitafika nyumbani kabla yake.

Usimamizi uko mikononi mwa kamati ya akina baba watatu hadi watano waliochaguliwa na wazazi. Hao humwajiri mwalimu, hupanga mshahara wake, hununua makaa, hukarabati paa na kutunza hesabu. Mkutano hufanyika kila mwezi shuleni, wanaume wazima wakiwa wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Gharama hugawanywa kwa familia zote za eneo hilo, hata zisizo na mtoto shuleni, na juu ya hiyo kila mwenye ardhi huendelea kulipa kodi inayoendesha shule za serikali ambazo mtoto wake hatakanyaga. Waamish hawajaomba kusamehewa kodi hiyo. Kabla ya muhula kuanza akina mama hufika kwa siku moja, wakasugua sakafu, wakaosha madirisha na kupaka madawati rangi. Mara moja moja katika majira ya baridi mama mmoja huleta chakula cha moto cha shule nzima.

Kalenda nayo imekatwa kwa kipimo cha shamba. Sheria ya Pennsylvania inadai siku 180 za masomo, na Waamish huzitimiza kwa kufupisha likizo za katikati ya mwaka, ili shule ifungwe mapema mwezi Mei, wakati kila mkono unahitajika kondeni.

Shule hizi si za kale kama zinavyoonekana. Hadi miaka ya 1920 Waamish hawakuwa na shule zao kabisa, kwa kuwa hawakuzihitaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa na shule za serikali zenye mwalimu mmoja zaidi ya 200,000, nyingi zikiwa mashambani, na watoto wa Kiamish walisoma humo pamoja na majirani Walutheri na Wamethodisti. Baba wa Kiamish aliweza kuwa mjumbe wa bodi. Kila mtu aliyajua mashamba ya mwenzake, na shule ilifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, basi.

Kilichobadilika ni upande wa pili. Barabara za lami na mabasi ziliwezesha majimbo kufunga shule ndogo na kuwakusanya watoto katika majengo makubwa, kila darasa na chumba chake, kila somo na mwalimu wake. Hoja za wataalamu wa elimu zilikuwa na uzito: maabara, maktaba, walimu wenye shahada. Sambamba na hilo umri wa kulazimishwa kusoma ulipandishwa, hadi miaka 15, 16 na katika baadhi ya majimbo zaidi. Kwa Waamish mambo hayo mawili yalimaanisha jambo moja: mtoto angepelekwa mbali, kwa miaka mingi zaidi, katika umri uleule ambapo angepaswa kuwa anajifunza kazi kwa baba au mama yake, na angefundishwa na watu ambao wazazi hawawajui. Mwaka 1925 Waamish wa Dover, jimboni Delaware, walifungua shule yao ya kwanza, Apple Grove. Lancaster ilifuata mwaka 1938, baada ya wilaya ya East Lampeter kujenga shule kubwa kwa fedha za mpango wa serikali kuu wa kufufua uchumi na kuzifunga za chumba kimoja. Baadhi ya majengo yaliyofungwa yalipigwa mnada, na Waamish wakawa miongoni mwa wanunuzi.

Kupata jengo halikuwa jambo gumu. Ugumu ulikuwa katika miaka ya ziada ambayo sheria iliidai baada ya darasa la nane. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akina baba wa Lancaster walikamatwa kwa makumi kwa kutowapeleka watoto wao sekondari. Wengi walikataa kulipa faini, kwa kuwa kulipa kungekuwa kukiri kosa, wakaingia jela. Wengine walirudi humo mara kadhaa. Mahakimu wenyewe walichoka, na mwaka 1955 jimbo likakubali suluhu. Mtoto aliyemaliza darasa la nane angefanya kazi nyumbani, akiandika kila siku alichokifanya, na angekutana na mwalimu kwa saa tatu kwa wiki hadi atimize miaka 15. Utaratibu huo upo hadi leo Pennsylvania. Daftari la kijana humo husimulia kukamua ng'ombe, kutengeneza ua na kusomba samadi, na kisheria hayo huhesabiwa kuwa masomo.

Majimbo mengine hayakuwa na subira hiyo. Novemba 1965, karibu na mji wa Hazleton jimboni Iowa, maofisa walifika na basi kwenye shule ya Waamish ili wawachukue watoto na kuwapeleka shule ya mjini, sababu ikiwa kwamba walimu wao hawakuwa na vyeti. Watoto walitoka mbio na kutokomea katika shamba la mahindi. Mpiga picha wa gazeti alikuwepo. Picha ya watoto wenye kofia pana na mavazi meusi wakiruka ua kuelekea kwenye mahindi ilienea nchi nzima, na ikafanya kazi ambayo hoja za miaka 30 hazikuweza kuifanya. Gavana Harold Hughes aliingilia kati, na mwaka 1967 bunge la Iowa likaruhusu Waamish wasamehewe masharti hayo.

Picha hiyo ndiyo iliyowaamsha watu wa nje. Waamish kwa imani yao hawaendi mahakamani kujitetea. Hulipa, hufungwa, au huhama. Mwaka 1967 mchungaji wa Kilutheri, William Lindholm, alianzisha kamati ya kutetea uhuru wa dini wa Waamish, iliyokuwa na wanasheria, wasomi na viongozi wa dini mbalimbali, na Mwamish hakuwemo. Mwaka uliofuata, New Glarus jimboni Wisconsin, baba watatu, wawili Waamish na mmoja Mmennonite wa mrengo wa kihafidhina, walishtakiwa kwa kutowapeleka sekondari watoto wao wa miaka 14 na 15. Waliamriwa kulipa faini ya dola 5 kila mmoja. Kamati ilimleta wakili Mkatoliki, William Ball, na dola hizo 5 zikawa mwanzo wa kesi ijulikanayo kama Wisconsin dhidi ya Yoder, jina la mmoja wa baba hao.

Profesa Hostetler alikuwa miongoni mwa mashahidi wa Ball. Hoja ya Ball ilikuwa kwamba elimu ya Waamish haikomi darasa la nane. Inahamia ghalani na jikoni, na kumlazimisha kijana kwenda sekondari katika umri huo ni kuibomoa jamii yenyewe kidogokidogo. Serikali ya jimbo ilijibu kwamba raia asiye na elimu ya kutosha huwa mzigo kwa wenzake. Jibu hilo liligonga mwamba, kwa sababu Waamish hawachukui ruzuku za ustawi wa jamii na hata wamesamehewa mfuko wa hifadhi ya jamii kwa kuwa hutunzana wenyewe. Mahakama Kuu ya Wisconsin iliwapa ushindi mwaka 1971. Tarehe 15 Mei 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Warren Burger, ilithibitisha kwamba haki yao ya kuabudu ilikuwa na uzito kuliko miaka miwili ya sekondari. Burger aliweka uzio: hukumu ilitegemea historia ya karibu karne tatu ya jamii inayojitegemea, na kikundi kilichogundua jana njia mpya ya kulea watoto kisitarajie kuipata haki hiyo kirahisi.

Jaji William O. Douglas alitofautiana na wenzake kwa sehemu, na hoja yake haijazeeka. Alisema kesi ilikuwa imewasikiliza wazazi na serikali, ilhali mwenye maisha ni mtoto. Ni mtoto mmoja tu kati ya watatu aliyetoa ushahidi kuhusu anachokitaka mwenyewe. Je, kama mwingine angependa kuwa mpiga piano au mwanaanga? Swali hilo halijibiwi kwa kutaja kwamba Waamish wana amani na kazi. Kijana wa Kiamish hubatizwa akiwa na umri wa miaka 18 hadi 22 hivi, kwa hiari yake, na asiyetaka anaweza kuondoka bila kutengwa, kwa kuwa hajaweka nadhiri. Zaidi ya asilimia 80 hubaki. Lakini anayeondoka huondoka na elimu ya darasa la nane, katika nchi ambako kazi nyingi hudai cheti cha sekondari, na lazima aanze kusoma upya ukubwani akitaka kuwa muuguzi au fundi wa umeme. Uhuru wake upo kisheria, ila bei yake imekwisha kupangwa na shule. Wengi wa waliotoka na kuandika juu ya maisha yao wanalalamikia hilo kuliko kofia na mikokoteni ya farasi.

Upande wa pili wa mizani ni kazi. Uchumi wa Waamish umebadilika bila shule zao kubadilika sana. Ardhi ya Lancaster imepanda bei mno, na leo wanaoishi kwa kilimo pekee si wengi tena katika makazi makubwa. Wengine wamekuwa maseremala, wajenzi wa mabanda, watengenezaji wa matandiko ya farasi, wenye maduka. Karakana za watu waliosoma miaka minane huuza samani hadi New York. Hesabu za chumba kimoja, zikiongezewa miaka kadhaa ya kufanya kazi chini ya mkono wa mjomba, zimetosha kwa biashara za aina hiyo. Hazitoshi kwa udaktari wala uanasheria, na Waamish wanapohitaji daktari au wakili humtafuta nje. Wakosoaji huona hapo kuna unafiki kidogo, kutumia elimu ambayo wao wenyewe wanaikataa. Waamish hujibu kwamba hawajawahi kusema elimu ya juu ni dhambi kwa kila mtu. Wanasema inawatoa watoto wao nyumbani.

Tarehe 2 Oktoba 2006 mtu mwenye silaha, dereva wa lori la maziwa aliyejulikana eneo lile, aliingia katika shule ya West Nickel Mines huko Lancaster, akawatoa wavulana na kuwapiga risasi wasichana kumi. Watano walikufa, kisha akajiua. Jioni ileile Waamish walikwenda kwa mjane wake kumpa pole, na siku chache baadaye baadhi yao walihudhuria mazishi ya muuaji. Ulimwengu ulizungumza sana juu ya msamaha huo, wengine kwa kustaajabu, wengine wakiuliza kama watoto waliobaki walipewa nafasi ya kukasirika. Jamii yenyewe ilizungumza kidogo. Ndani ya siku kumi jengo lilibomolewa na mahali pake pakaachwa pawe malisho. Aprili 2007 shule mpya, New Hope, ilifunguliwa jirani. Ilikuwa na milango imara zaidi.

Haifai kudhani kwamba Waamish wote wanasoma namna moja. Katika Kaunti ya Holmes jimboni Ohio, na kaskazini mwa Indiana, wapo maelfu ya watoto wa Kiamish wanaosoma shule za serikali hadi leo, hasa pale ambapo wao ndio wengi darasani na wakuu wa shule wamejifunza kuishi nao. Kundi la Swartzentruber, mojawapo ya yale yenye msimamo mkali zaidi, lina shule duni zaidi kwa vifaa, na baadhi yake hutumia vitabu vya McGuffey vilivyotungwa tangu miaka ya 1830. Kwingineko kumeanzishwa madarasa maalumu kwa watoto wenye ulemavu, jambo lenye uzito katika jamii iliyooana yenyewe kwa yenyewe kwa vizazi vingi na yenye magonjwa kadhaa ya kurithi.

Kwa jumla zipo shule zaidi ya 2,000 za aina hii Marekani na Kanada, na mpya hujengwa kila mwaka. Wanafunzi wakizidi 35 hivi, kamati haiongezi chumba. Mzazi mmoja upande wa pili wa eneo hutoa kona ya shamba lake, wanaume hukusanyika wakati kazi za kondeni zimepungua, kuta husimama kwa siku chache, na watoto wanaoishi karibu na huko huhamishiwa kwa mwalimu mpya. Familia zinazohama Lancaster kutafuta ardhi nafuu Kentucky au jimbo la New York hufanya vivyo hivyo: zikifika kumi hivi, zikiwa na watoto wa kutosha kujaza madawati, hujenga shule.